Watoto wetu wasikie kwa lugha yao

Masomo ya kutafakari: 2 Wafalme 18:1-7, Nehemia 8:1-12, Matendo ya Mitume 6:1-7.



Siku hizi, kila pahali wakristo wanapokutana, neno moja linasemwa sana: kanisa lifanywe upya. Mzee akilisikia anashika Biblia yake kwa nguvu, akidhani watu wanataka kumnyang'anya. Kijana akilisikia anafurahi, akidhani kesho italetwa piano ya umeme na vipaza sauti vikubwa. Sisi tunaona kwamba wote wawili hawajaulizwa ulizo lenyewe. Basi leo tuulize pamoja: ni nani asiyehudumiwa katika nyumba ya Mungu? Kwani katika Maandiko, mara nyingi Mungu alifanya kanisa lake upya kwa kuanzia hapo.

Tuanze na mfalme Hezekia. Alipoketi katika kiti cha ufalme wa Yuda, alivunja sanamu za wapagani. Jambo hilo kila mtu analielewa. Lakini alivunja kitu kingine tena: nyoka wa shaba. Nyoka yule hakuwa mungu wa wapagani. Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze jangwani (Hesabu 21), na watu walioumwa na nyoka walimtazama wakapona. Alikuwa dawa ya kweli, iliyotoka kwa Mungu wa kweli, kwa mkono wa nabii wa kweli. Wana wa Israeli wakamtunza miaka mamia, baba akamwonyesha mtoto, mtoto akamwonyesha mjukuu. Mwishowe wakaanza kumfukizia uvumba. Wakasahau Yule aliyeponya, wakashika chombo alichotumia. Mfikiri uchungu wa wazee siku ile Hezekia alipoinua nyundo! Pengine walilia: mfalme huyu kijana anamdharau Musa. Lakini Maandiko hayamgombezi Hezekia. Yanasema kwamba alishikamana na Bwana, na kwamba alizishika amri ambazo Bwana alimwamuru Musa. Mnaona? Alivunja chombo cha Musa, akazishika amri za Musa.

Sasa tuende Yerusalema, kwa mitume. Kanisa lingali changa, Roho amekwisha kushuka, watu maelfu wameamini, na tayari kuna manung'uniko. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Wajane wa Kiebrania walipata, wajane wa Kiyunani hawakupata, na wote walimwamini Yesu mmoja. Mitume hawakujibu: hawa wageni wajifunze kwanza Kiebrania. Hawakusema: Bwana alitupa sisi 12 tu, hakutupa kazi nyingine, tusiongeze kitu. Waliita mkutano, wakawaambia ndugu wachague watu 7 wenye sifa njema. Someni majina ya wale 7: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kanisa lilitia mfuko wa chakula katika mikono ya ndugu wa wale walionung'unika. Na mstari wa 7 unasema ni nini kilichofuata: neno la Mungu likaenea.

Tunasema hayo kwa sababu makanisa ya manabii katika Kongo, na letu likiwa moja katika hayo, yalizaliwa katika swali lile lile. Zamani sana, katika ufalme wa Kongo, kijana mwanamke Kimpa Vita alifundisha kwamba mbingu si mbingu ya watu weupe peke yao, na kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo. Mafundisho yake hatuyapokei yote, maana Biblia inasema wazi kwamba Bwana alizaliwa Betelehemu. Lakini kilio chake tunakielewa: alitaka kumwona Mungu akiwa karibu na watu wake. Alichomwa moto tarehe 2 Julai 1706.

Miaka karibu 200 ikapita. Mwaka wa 1905 Biblia nzima ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa Kikongo. Tunaomba msilipite jambo hili mbio. Mukongo aliyejua kusoma aliweza sasa kuona yeye mwenyewe, kwa maneno ya mama yake, habari za Farao na watumwa, za Danieli na simba, za Yesu aliyegusa wagonjwa kwa mkono. Miaka 16 baadaye, tarehe 6 Aprili 1921, Simon Kimbangu, mtu wa Nkamba aliyebatizwa na Wabatisti, alianza kuombea wagonjwa kwa jina la Yesu. Watu wakaacha kazi katika mashamba ya makampuni, wakaacha hospitali, wakamiminika Nkamba. Serikali ya Wabelgiji ikaogopa. Mwaka ule ule, tarehe 3 Oktoba, mahakama ya askari ikamhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha, na nabii akapelekwa mbali na kwao, hata gereza la Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa zima, naye aliyehukumiwa kama mwasi anakumbukwa na serikali.

Ndugu, moto ule haukuwashwa na mafundisho mapya. Mafundisho yalikuwa yale yale ya wamisionari: Mungu mmoja, mke mmoja, kutupa hirizi. Kilichokuwa kipya ni kwamba neno lilimfikia mtu katika nyumba yake, kwa lugha yake, likagusa ugonjwa wake mwenyewe na utumwa wake mwenyewe.

Wabelgiji wakafikiri kwamba wakiwatawanya wale walioamini, moto utazimika. Wakahamisha maelfu ya watu mbali na Kongo ya Chini, wengine hata Lowa kando ya mto Lualaba, katika nchi ya wasemao Kiswahili. Lakini kuni zikitawanywa zingali na moto, pori zima huwaka.

Na mtazame namna ndugu zetu Wakimbangu walivyofanya walipofika kwenye Meza ya Bwana. Kanisa lao lilitambuliwa na serikali mwezi wa Desemba 1959, lakini walingoja hata tarehe 6 Aprili 1971, miaka 50 tangu kazi ya Nkamba, ndipo wakashiriki mara ya kwanza. Wangefanya nini? Ngano hailimwi katika vijiji vyao, mizabibu haiko, na kanisa lao linakataza pombe. Wakatengeneza mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na katika vikombe wakatia asali na maji. Kuna waliocheka, na kuna waliokasirika. Sisi hatusemi kwamba kila kanisa lifanye vile. Tunasema kwamba wazee wale walijua kutenganisha mambo mawili: Bwana alitoa mwili wake na damu yake, hilo haligeuki; lakini Bwana hakuliagiza shamba la mwanamke wa kijijini lizae ngano kwanza ndipo ale pamoja naye.

Sasa tuje kwetu, maana ni rahisi kusifu ujasiri wa marehemu.

Makutaniko yetu ya Lubumbashi, ya Likasi, ya Kalemie, ya Uvira, ya Bukavu, yamejaa watoto waliozaliwa huko. Mama zao wanasema Kiswahili, walimu wao wanasema Kifaransa darasani na Kiswahili nje ya darasa. Siku ya ibada wanavaa nguo safi, wanasimama katika korali, wanaimba nyimbo 6, 7 kwa lugha ya nchi alikotoka nabii. Wanaimba vizuri sana, sauti zinaitikiana, fanfari inapiga, mama wanatoa machozi. Nasi tulipowauliza vijana katika makutaniko kadhaa maana ya wimbo waliotoka kuimba, wengi walitazamana. Mmoja alijibu: ni wimbo wa furaha. Ulikuwa wimbo wa toba.

Baba wazee, tusiwacheke. Hawana kosa. Wameshika kwa uaminifu kile walichopewa, bila kuelewa, sawa na babu zetu walioitikia misa kwa Kilatini. Nabii aliteswa ili mtu asikie, na mtoto wa mtoto wa wafuasi wake hasikii!

Wengine watasema: ni jambo dogo, watajifunza polepole. Si dogo. Mjue kinachotokea katikati ya juma. Kila kartie sasa ina vyumba vya maombi, viwili vitatu katika barabara moja. Hatuwahukumu wote, wako watumishi wa kweli humo. Lakini kijana anapita jioni, anasikia mtu anasema Kiswahili kama chake, anataja mambo yake: kukosa kazi, kukosa mume, minervali ya masomo, ndoto mbaya za usiku. Anaingia. Msichana mmoja wa korali aliingia hivyo, mama yake akiwa mgonjwa miezi mingi. Yule mwombaji akamwambia kwamba ugonjwa unatoka ndani ya nyumba, akataja ndugu yake mdogo, mtoto wa miaka 8. Jamaa wakatisha mtoto kwa njaa ili aungame. Akaungama, maana mtoto mwenye njaa ataungama lolote. Leo analala sokoni.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Lakini kabla ya sheria ya serikali kuandikwa, Bwana alikuwa amekwisha kumweka mtoto katikati ya wanafunzi, akasema juu ya jiwe la kusagia na shingo ya mtu (Matayo 18). Msichana yule alikuwa ameimba kwetu miaka 9. Je, katika miaka hiyo yote alisikia mara ngapi, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba damu ya Kristo inatosha na kwamba hatuna tena sababu ya kutafuta mchawi katika kitanda cha mtoto? Nyimbo zetu zinasema hayo. Tena zinayasema vizuri kuliko mahubiri yetu mengi. Zinayasema kwa lugha asiyoijua.

Tunajua jibu la wazee, na ni jibu la heshima. Wanasema: nyimbo hizi hazikutungwa kwa kalamu, zilishuka kwa watu waliofunga na kuomba, na zilishuka kwa maneno yale, nani atageuza maneno ya Roho? Tunajibu kwa magoti, lakini tunajibu. Siku ya Pentekoste Roho yule yule aliposhuka, kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao, Waparthi na Wamedi, watu wa Misri na wa Libya. Kama Roho angetaka lugha moja, siku ile ingekuwa siku nzuri ya kuanza. Na Paulo, aliyesema kwa lugha kuliko wote, aliwaandikia Wakorinto kwamba katika kanisa anapenda maneno 5 yanayoeleweka kuliko maneno 10.000 yasiyoeleweka. Na Nehemia 8 inatuonyesha watu waliorudi kutoka Babeli: Ezra akasoma torati tangu asubuhi hata adhuhuri, na Walawi wakapita katikati ya watu wakieleza maana. Ndipo watu wakalia. Walilia kwa sababu walielewa. Baadaye, katika mlango wa 13, Nehemia anakuta watoto ambao hawajui kusema lugha ya Wayahudi, anakasirika. Mzee mmoja alituonyesha mlango huo, na ana haki: lugha ya baba ni urithi, isipotee. Basi tuifundishe! Mama anayeijua awakusanye watoto siku ya Jumamosi, awafundishe neno kwa neno. Kuimba bila kuelewa si kufundisha lugha.

Lakini vijana nao wasikie, maana upanga huu una makali mawili. Si kila kigeni ni upya. Wazee wetu waliona mwaka wa 1972, Mobutu alipokataza majina ya kikristo na kusema kwamba anarudisha asili ya mwafrika. Yeye Joseph-Désiré akawa Sese Seko, na kila mtu akatafuta jina la babu yake. Hata vyama vya vijana vya makanisa vikafungwa. Lakini Kardinali Malula wa Kinshasa, mtu aliyetaka sana ibada yenye sura ya kiafrika, alipinga, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Alijua kwamba upya wa amri ya serikali ni koti tu. Kazi yake na ya maaskofu wenzake ilikwenda taratibu, kwa kuandika, kujaribu na kusahihisha, hata mwaka wa 1988 Roma ikakubali misa kwa desturi ya Zaire, ambamo watu wanacheza mbele ya Bwana na kukumbuka wahenga wenye haki. Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko aliiongoza kwa desturi hiyo uwanjani Ndolo, mbele ya watu zaidi ya milioni. Hatukubali yote ya ndugu zetu Wakatoliki, lakini uvumilivu wao tunauheshimu.

Basi kijana anayeona kwamba upya ni kupiga kelele kama mchungaji wa televisheni, kuuza mafuta na maji ya baraka, kuita watu mbele kwa kiasi cha franga walizo nazo, huyo tunamwambia hapana. Katika kanisa letu maombi hayauzwi. Mke mmoja, bila pombe, bila hirizi, bila kumlipiza adui: hizo ni amri, na nyundo ya Hezekia haizigusi. Na saa ya kimya kabla ya ibada, tafadhali simu zifungwe. (Tunasema pia kwa baba mashemasi, maana si vijana tu.)

Kugeuza lugha peke yake hakutoshi. Kuna mahubiri ya Kiswahili safi ambayo bado hayamfikii mtu. Kijana wa Kolwezi anashuka katika shimo la madini asubuhi bila kujua kama atatoka. Akija ibadani anahubiriwa juu ya ngamia na mizabibu, na hakuna anayemwambia Mungu anaona nini ndani ya shimo lile. Ayubu 28 inasema juu ya watu wanaochimba mbali na miguu ya wapita njia, wakining'inia gizani wakitafuta mawe. Mlango huo ni wake! Mama aliyekimbia vita na watoto, aliyeacha shamba na kaburi la mume, yeye hahitaji kuelezwa uhamisho wa Babeli. Ni yeye atakayetueleza sisi. Apewe nafasi aseme. Mhubiri mwenye hekima atakwenda kwanza kukaa sokoni, kwenye maji, kwenye gari la abiria, asikie watu wanaogopa nini juma hili, ndipo afungue Biblia.

Kwa hiyo, baada ya kuomba na kufunga siku 3, baraza la wazee limekubaliana hivi. Katika makutaniko yote ya wasemao Kiswahili, somo la Biblia litasomwa kwanza kwa Kiswahili. Nyimbo zitaendelea kuimbwa kwa lugha zilivyopokelewa, na kabla ya kila wimbo kijana atasimama kusema maana yake kwa maneno machache. Ubeti mmoja utaimbwa kwa Kiswahili mahali tafsiri imekwisha kukubaliwa. Tafsiri zitafanywa na mzee mmoja anayejua lugha ya kwanza na vijana wawili wanaojua Kiswahili, wakikaa mezani pamoja, si mzee peke yake, wala si vijana peke yao. Tafsiri isiyokaa vizuri katika sauti irudishwe, hata mara 10.

Juu ya mtoto yule aliye sokoni, mama wawili wa kutaniko lake wamekwenda mara 4. Mara ya kwanza alikimbia. Sasa anakula mikononi mwao, lakini jamaa wake bado wanakataa. Tunaomba makutaniko yote yamtaje katika maombi ya Ijumaa, pamoja na dada yake, ambaye amerudi katika korali na anaketi nyuma. Kiongozi wa korali amemwomba awe wa kwanza kusoma maana ya wimbo wa toba. Bado hajajibu.